Kabla ya kutundika bembea ya mtoto barazani, kagua boriti na nguzo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya hivi karibuni juu ya bembea za watoto wadogo ilimaliza suala zima la kuitundika kwa sentensi moja: mzazi atafute ndoano imara, aikaze kwenye dari ya baraza, afunge kamba, basi. Naomba nafasi nieleze kwa nini sentensi hiyo ni ya hatari, na kazi yenyewe inavyotakiwa kufanywa. Ndoano na kamba ndivyo vitu ambavyo mnunuzi anavishika mkononi, kwa hiyo wasiwasi wake wote huishia hapo. Kinachombeba mtoto hasa ni mbao iliyojificha juu ya dari, nguzo iliyosimama chini yake, na nafasi iliyopo barazani. Hivyo vitatu vimekuwapo tangu nyumba ilipojengwa, na aliyevijenga hakuwa akifikiria bembea.

Nianze na uzito. Mtoto wa miaka miwili ana kama kilo 12. Akikaa ametulia, boriti inabeba kilo 12 na uzito wa kiti. Akianza kubembea, mambo hubadilika. Bembea iliyoachiwa kutoka pembe ya nyuzi 45, inapopita chini kabisa, huvuta kwa karibu mara 1.6 ya uzito wa aliyekaa. Ikiachiwa kutoka nyuzi 60, huvuta mara 2. Ikipandishwa mpaka kamba ilale sambamba na sakafu, huvuta mara 3. Kwa mtoto huyu mara 3 ni kilo 36, mzigo ambao hata ndoano hafifu huubeba kwa muda, na ndiyo maana bembea mbovu inaweza kukaa miezi bila kuonyesha dalili. Siku kaka yake mkubwa atakapojibana kwenye kiti hicho, au mtu mzima wa kilo 80 atakaponing'inia kwa mzaha, hesabu inaruka hadi kilo 240. Isipovunjika siku hiyo, huenda ikabaki na ufa, na anayefuata kukaa ni yule mdogo. Kwa hiyo usipime bembea kwa uzito wa mtoto. Pima kwa mtu mzima, mara 3, na kila upande peke yake uweze kuhimili mzigo huo, maana mtu akiegemea upande mmoja kamba moja hubeba karibu yote.

Kuna nguvu nyingine ambayo wengi hawaihesabu kabisa. Bembea haivuti chini tu, inavuta mbele na nyuma pia. Katika mwendo wa nyuzi 45, mvuto wa kwenda mbele hufikia karibu sehemu 6 kwa 10 ya uzito wa aliyekaa, na kabla sekunde mbili hazijapita umegeuka kwenda nyuma, hivyo hivyo mamia ya mara kwa alasiri moja. Paa la baraza limejengwa kubeba uzito wake na upepo. Nguzo zake mara nyingi zimeshikwa kwa misumari michache juu na chini, kwa kuwa uzito wa paa wenyewe unazikandamiza zisiondoke. Mtikisiko wa kwenda na kurudi ndio unaolegeza misumari ya aina hiyo.

Nguzo ya matofali inatisha zaidi. Matofali yaliyopangwa kwa saruji hubeba mzigo mkubwa mno yakikandamizwa, lakini yakivutwa kwa ubavu huachana kwenye viungo, na nguzo nzima humlalia aliye chini yake. Watoto wameshapoteza maisha kwa machela, yale matandiko ya kitambaa au kamba ya kulalia yanayoning'inizwa, yaliyofungwa kwenye nguzo za namna hiyo. Kama nguzo yako ni ya matofali na huna hakika kwamba ina nondo ndani zinazoshuka hadi kwenye msingi, usifunge chochote cha kubembea juu yake, wala kwenye boriti iliyolazwa tu juu yake.

Kupima uimara wa nguzo ni kazi ya dakika chache. Ning'iniza timazi, yaani uzi wenye kizito chenye ncha, toka kwenye boriti, ncha yake ikaribie kugusa alama uliyoiweka sakafuni. Subiri itulie, kisha mtu mzima aisukume nguzo kwa mikono miwili, kwa uzito wake wote, aishikilie hapo. Ncha ikihama kwenye alama kwa kiasi cha kuonekana, juu kunacheza. Dawa yake ni mihimili ya mshazari kati ya nguzo na boriti kwa pembe ya nyuzi 45, iliyofungwa kwa bolti na kuelekezwa upande bembea itakakoenda, pamoja na vyuma vya kushikilia kwenye kitako na kichwa cha nguzo. Misumari iliyopigwa mshazari haihesabiki.

Ukiridhika na nguzo, panda juu. Dari ya baraza, iwe ya mbao nyembamba, jasi au plastiki, haibebi chochote. Iko pale kwa ajili ya kuficha. Usitafute boriti kwa kugonga na kusikiliza tu. Fungua ubao mmoja wa dari, ingiza tochi, tazama kwa macho: mbao ina unene na kina gani, imeanzia wapi na kuishia wapi, imeshikwaje kwenye ncha zake, na kama kuna waya wa umeme karibu na utakapotoboa. Hilo la waya husahaulika sana, kwa sababu taa ya baraza mara nyingi iko katikati, pale pale mtu anapotaka kuweka bembea.

Kina cha mbao ndicho kinachobeba. Boriti ya milimita 50 kwa 150, iliyosimama kwa kina chake, hustahimili kupindwa mara mbili na robo kuliko ya 50 kwa 100, ingawa mbao yenyewe imeongezeka kwa nusu tu. Chukua nafasi ya mita 3 toka nguzo hadi nguzo, weka kilo 240 katikati. Ile ya 50 kwa 100 inazidiwa mbali. Ya 50 kwa 150 iko ukingoni, na kama ni mbao laini mimi siiamini. Mbili za 50 kwa 150 zilizobanwa pamoja kwa bolti za milimita 10 kila sentimita 40, au moja ya 50 kwa 200, zinabeba na nguvu inabaki. Ukisogeza mzigo kutoka katikati hadi robo ya urefu wa boriti, nguvu ya kupinda inapungua kwa robo, kwa hiyo kukaribia nguzo kuna faida, mradi ule umbali wa pembeni nitakaoutaja baadaye usiguswe.

Kama paa limebebwa na kenchi, yaani fremu za pembetatu za mbao, iache mbao ya chini ya kenchi. Imepimwa kushika dari na kuzuia miguu ya paa isisukumane nje. Tundu moja au mkato mdogo kwenye mbao hiyo ni hitilafu ya paa zima, wala si ya bembea peke yake.

Kisha ichome mbao kwa bisibisi, hasa pale inapoingia ukutani na chini ya sehemu paa linapovuja. Mbao nzima huikataa ncha, iliyooza huimeza. Iliyoliwa na mchwa inaweza kuonekana safi kwa nje na rangi yake yote, lakini ukiigonga hutoa sauti ya kopo tupu. Fundo kubwa kwenye ukingo wa chini, karibu na katikati ya boriti, nalo ni sababu ya kutosha ya kuhamia boriti nyingine, maana ukingo wa chini ndio unaovutwa mzigo unapokuja.

Pete mbili za kutundikia zinaweza kukaa kwenye boriti moja inayokatiza njia ya bembea, au kila moja kwenye boriti yake, bembea ikienda sambamba na boriti hizo. Napendelea utaratibu wa pili kwa mbao nyembamba, kwa sababu mbao huvutwa kwa urefu wake badala ya kutikiswa ubavuni. Ukitumia boriti moja, iwe na unene wa milimita 100 au iwe ya mbao mbili zilizounganishwa. Kati ya pete na pete kuwe angalau sentimita 50, na siku zote nafasi hiyo izidi upana wa kiti. Kamba zikikaribiana kwa juu, kiti huzunguka na kwenda upogo, na upogo ndio unaompeleka mtoto kwenye nguzo. Kama boriti zilizopo hazikai kwa nafasi unayoitaka, pitisha boriti ya ziada ya 100 kwa 100 chini ya boriti tatu, uifunge kwa kila moja kwa bolti ya milimita 12, kisha utundike hapo.

Sasa vyuma. Inayotumiwa na wengi ni skrubu ya pete, yenye meno kama ya skrubu ya mbao, na katika vyuma vyote vya kazi hii ndiyo niipendayo kidogo kabisa. Inashikwa na nyuzi za mbao tu. Kila bembea inapokwenda na kurudi, shina lake linayumba kidogo sana, tundu linapanuka kwa kiasi kisichoonekana, mbao inakauka na kusinyaa, na meno yanaanza kusaga. Dalili yake ni unga mwembamba wa mbao sakafuni, chini ya pete hasa, ambao watu huufagia wakidhani ni wa wadudu. Ukilazimika kuitumia, iwe na unene wa milimita 12, meno yaingie ndani ya mbao angalau milimita 100, na itobolewe njia kwanza, milimita 8 kwa mbao laini na 9 kwa mbao ngumu. Bila tundu la kwanza mbao hupasuka ndani, kwa nje usione kitu. Wala isikazwe kwenye kichwa cha mbao pale ilipokatwa. Nyuzi za hapo zimesimama wima na hazishiki meno.

Kilicho bora ni bolti ya pete inayotokeza upande wa pili. Milimita 12, imepita boriti nzima toka chini hadi juu, tundu la milimita 13, chini washa (kile kisahani cha chuma chenye tundu) ya kawaida, juu kipande cha bamba la chuma cha milimita 50 kwa 50 chenye unene wa 5, kisha nati ya kujifunga yenye pete ya nailoni ndani. Ikikosekana, nati mbili zikazwe moja juu ya nyingine. Meno mawili au matatu yatokeze juu ya nati ndipo ujue imekamata yote. Tundu likae katikati ya unene wa mbao. Kumbuka kwamba tundu la milimita 13 linaondoa robo nzima ya unene wa mbao ya 50, na hiyo ni sababu nyingine ya kuunganisha mbao mbili. Zikiwa mbili, toboa ndani ya mojawapo, kamwe usitoboe kwenye mshono. Asiyetaka kutoboa kabisa anaweza kuzungusha mkanda wa poliesta wenye upana wa milimita 50 kuizunguka boriti, na kipande cha mpira mgumu kwenye kila kona ya mbao, kwa sababu kona kali hukata mkanda polepole kama msumeno butu.

Itazame pete yenyewe kabla ya kuilipia. Iliyokunjwa tu kutoka kwenye chuma cha mviringo ina mwanya pale ncha inaporudi kwenye shina. Ikivutwa mara nyingi, mwanya huo hufunguka. Unaihitaji iliyofuliwa au kuchomelewa ikawa duara kamili.

Kisha kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya: mwelekeo wa pete. Matundu ya pete mbili yanatakiwa yatazamane, kiasi kwamba ukichukua fimbo ndefu unaweza kuipitisha moja kwa moja katika pete zote mbili. Pete zikikaa hivyo, kiungo kinachoshika kamba hugeuka ndani yake kama bawaba ya mlango, na bolti huvutwa katika mstari wa pete, pale ilipo na nguvu. Ukizigeuza robo, matundu yakatazama mbele bembea inakokwenda, chuma huteleza juu ya chuma kwa kila mwendo, na shina hupindwa ubavuni. Pete ya namna hiyo huanza kulia baada ya siku chache. Watu huitia grisi ikanyamaza, na huku inaendelea kulika. Kukaza nati wakati umeishikilia pete kwa fimbo hiyo hiyo kunazuia isizunguke na kupoteza mwelekeo.

Mbao iliyotiwa dawa yenye shaba ndani hula chuma cha kawaida upesi. Kwa mbao hiyo, na popote penye hewa ya chumvi, chukua vyuma vilivyochovywa zinki kwa moto au vya chuma cha pua. Vile vya mng'aro mwembamba hupata kutu ndani ya tundu, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Baraza lenye slabu ya zege juu huonekana ndilo jibu rahisi, na sivyo. Plagi ya plastiki na skrubu haistahili hata kutajwa kwa bembea. Bolti za kutanuka ndani ya tundu hushika vizuri mzigo uliotulia, lakini bembea huvuta na kuachia, na zege jembamba au lenye nyufa huzilegeza. Za gundi nazo zina kasoro yake zikielekea chini. Mnamo Julai 2006, paneli za zege za dari ya handaki la barabara jijini Boston, Marekani, ziliangukia gari na kumuua abiria, na uchunguzi ulionyesha kwamba gundi ya epoksi iliyoshika bolti ilikuwa ikinyooka polepole chini ya mzigo wa kudumu. Waliofunga hizo walikuwa wataalamu wa ujenzi. Kama juu ya slabu panafikika, toboa moja kwa moja, upitishe bolti na bamba la chuma upande wa juu, mbali na ukingo wa slabu na mbali na nondo, baada ya mhandisi kukuonyesha pa kutoboa. Kama hapafikiki, ni afadhali boriti ya chuma au ya mbao iliyokaa kwenye kuta mbili imara, chini ya slabu.

Kwa kamba, katani na pamba zinaoza kutoka ndani, ukizitazama kwa nje ni nzima. Polipropilini, ile nyepesi inayoelea majini, huliwa na jua ikawa unga mikononi. Poliesta ya milimita 10 hadi 12 inadumu. Kila fundo hupunguza nguvu ya kamba kwa theluthi moja au hata nusu, kwa hiyo kamba iliyoshonwa kitanzi chenye koa ya chuma ndani, yaani kipete cha kuikinga isilike, inashinda yenye mafundo. Mnyororo ni mzuri, ila uwe na matundu yasiyoingia kidole cha mtoto, yasizidi milimita 8, au uvikwe mpira wa bomba la maji sehemu yote anayoweza kuifikia. Kiungo kati ya pete na kamba kiwe shakeli, kile chuma cha umbo la U, ambayo pini yake imefungwa kwa waya isijifungue, au karabina ya chuma yenye mlango wa kukaza na nguvu yake imepigwa chapa ubavuni. Karabina ya alumini hulika haraka ikisuguana na pete ya chuma. Zile ndogo za kufungia funguo ziache kwenye funguo. Kulabu za herufi S zinazokuja na bembea nyingi zibanwe kwa koleo mpaka mwanya usizidi milimita 1, unene wa sarafu nyembamba. Mwanya mkubwa zaidi hunasa nguo, na kulabu iliyoanza kufunguka haibanwi tena, inatupwa.

Tukija kwenye nafasi, hapa ndipo mabaraza mengi yanaposhindwa. Mwongozo wa Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani kwa viti vya watoto wadogo unataka mbele na nyuma pabaki wazi mara 2 ya urefu wa toka pete hadi pa kukalia. Pete zikiwa mita 2.4 juu, ambao ndio mwisho unaoshauriwa kwa viti hivi, na kiti sentimita 60 toka chini, urefu huo ni mita 1.8. Maana yake unahitaji mita 3.6 mbele na nyingine 3.6 nyuma. Baraza lenye upana wa mita 2 haliwezi kupokea bembea inayokatiza, ni lazima iende kwa urefu wa baraza. Pasipotosha, fupisha bembea kwa kushusha boriti ya ziada: pete zikiwa mita 2 juu, urefu ni 1.4 na nafasi inayotakiwa ni 2.8 kila upande. Pembeni, kati ya kiti na nguzo au ukuta, acha sentimita 75. Mlango usifungukie ndani ya nafasi hiyo. Ngazi zisiwe mbele wala nyuma yake. Wala usifikirie kuielekeza bembea nje, mtoto apite juu ya ukingo wa sakafu na kurudi. Ukingo huo wa zege uko kwenye kimo cha miguu yake anaporudi, na cha kichwa chake akianguka.

Zile sentimita 60 zina sababu. Mtoto mwingine hawezi kujipandia mwenyewe, na anayetambaa anapita chini ya kiti bila kupigwa kichwani. Lakini sakafu ya baraza ni ngumu, na kimo cha kuanguka kwa bembea huhesabiwa toka kwenye pete, kwa kuwa huko ndiko kiti kinaweza kufika. Zulia, jamvi na mkeka havipunguzi kitu. Mazulia ya mpira ya viwanja vya watoto yana namba ya kimo yanachokinga. Chukua yanayofikia kimo cha pete zako, yagandishwe pamoja yasiachane, yafunike njia yote ya bembea na pembeni zake. Nje ya baraza, kwenye udongo, chipsi za mbao zenye kina cha sentimita 23 baada ya kushindiliwa hukinga anguko la hadi mita 3. Mchanga wa kina hicho hicho hukinga mita 1.2 tu. Nyasi hazihesabiki kama kinga. Kama baraza lako halina nafasi, nguzo au sakafu inayofaa, fremu ya kujitegemea uani, yenye mita 1.8 wazi pande zake, ni kazi ndogo kuliko kulijenga baraza upya.

Kiti kiwe cha kuuzunguka mwili, chenye matundu mawili ya miguu. Mtoto asikae humo kabla hajaweza kuketi peke yake na kushika shingo vizuri. Hufikia hapo kati ya miezi 6 na 9, wengine baadaye, na hakuna haja ya kuharakisha. Nafasi yoyote kwenye kiti yenye upana wa kati ya sentimita 9 na 23 ni ya kuangalia kwa makini, kwa sababu mwili unapita na kichwa kinabaki. Mvue mkufu, kofia yenye kamba, kilemba na helmeti. Akisinzia, mtoe umlaze chali kitandani; kidevu kikilala kifuani, njia ya hewa hubanwa bila yeye kutoa sauti. Msukume ukiwa umesimama mbele yake, uone uso, na asisukumwe na mtoto mwenzake.

Kabla hajakaa hata mara moja, jaribu. Ondoa kiti, tundika ubao imara sentimita 10 toka sakafuni, uupakie mifuko ya mchanga hadi kilo 240, ukiiongeza mmoja mmoja na kukaa mbali na chini ya boriti. Kabla ya kupakia uwe umeshavuta uzi toka ncha hadi ncha ya boriti na kupima toka uzi hadi mbao katikati. Acha mzigo saa nzima, pima tena. Boriti ya mita 3 isishuke zaidi ya milimita 8, na ukishusha mifuko irudi ilipokuwa. Isiporudi, kuna kitu kimeachia, na kitafutwe kabla ya lolote lingine.

Mbao hukauka na nati hulegea, kwa hiyo pita na spana baada ya wiki ya kwanza, baada ya mwezi, kisha kila mwezi. Vua karabina au shakeli utazame pale chuma kinapogusana. Chuma cha milimita 10 kikibaki 9, kibadilishwe chenyewe na kile kinachosuguana nacho. Pindua kamba uone ndani ya msokoto wake. Kila jioni ondoa bembea nzima kwenye pete, kamba na kiti pamoja, uiweke ndani. Watu wengi hukinyanyua kiti tu na kukifunga juu, na kufanya hivyo huacha kitanzi cha kamba kikining'inia kwenye kimo cha shingo ya mtoto atakayeamka mapema na kutoka barazani peke yake.

Wako,
Fundi seremala, msomaji wa gazeti lenu